Kitu Cheusi Ndani ya Besi ya Papa Ladislas

Besi ilikufa kwenye wimbo wa tatu, Sunday ya tatu mfululizo, na mimi nilikuwa pale pale kwenye drums, mita moja na mpigaji wake, kwa hiyo sisimulii kitu nilichoambiwa. Kwanza ilianza kukwaruza kama mtu ana makohozi. Halafu ikawa ndogo, ndogo, halafu kimya. Papa Ladislas aliendelea kupiga nyuzi, macho yamefungwa, kama vile akikaza vidole itarudi. Haikurudi. Tukabaki mimi na gita la solo, na watu mia mbili wanacheza wimbo usio na miguu.

Mama Médiatrice, mkubwa wa protokole, wale wanaopokea watu na kutunza kanisa, alikuwa amesimama kando ya madhabahu na gloves zake nyeupe.  Aliangalia besi, halafu akamwangalia Pasta Gustave, na Pasta akainamisha kichwa. Nikajua leo iko kesi.

Nikuambie kwanza huyu mzee ni nani, maana ukikutana naye njiani utampita tu. Ana miaka sitini na sita. Usiku analinda flat za watu kule juu Morningside, na Sunday asubuhi akitoka zamu anashuka kwa miguu mpaka kanisani kwetu Albert Park, kwa sababu taxi za Sunday unaweza kuzisubiri mpaka uote mizizi. Anafika na sweta ya kazi, anaivua kwenye ngazi, anavaa koti, anapanda madhabahuni. Saa yake ya kufika ndiyo saa ya wimbo wa kwanza. Miaka kumi na nane anafanya hivyo. Watu wa kwetu waliohamia mji huu wanamjua kama mzee anayetengeneza radio bure.

Mimi namjua tangu niko na miaka kumi na mbili. Mama yangu alikuwa ameitwa shuleni mara ya tatu juu yangu, analia kwenye koridoo ya kanisa, na huyu mzee akamwambia: "Mama Grâce, huyu mtoto mpeni ngoma apige, la sivyo atamaliza watoto wa watu." Njo vile, ndivyo nilivyokaa kwenye drums. Shule niliacha Grade 10, sasa nasuka nywele kwenye saluni, lakini drums sikuacha. Ukiwa drums, besi ni mume wako na mama yako. Ikinyamaza, unabaki uchi mbele ya watu.

Baada ya ibada tukaitwa ofisini, ambayo ni store ya viti na kabati moja. Pasta Gustave alikaa, Mama Médiatrice alisimama, Peguy wa sound akaegemea mlango. Mwanzo tulisingizia loadshedding, ule mgao wa umeme, lakini Peguy alisema inverter iko sawa, mic zote ziko sawa, ni besi peke yake. Halafu Mama Médiatrice akasema kile kilichokuwa kinamkaa kooni. Sunday iliyopita, Papa Ladislas alipofungua mgongo wa besi pale pale madhabahuni kuangalia betri, yeye aliona ndani. Iko kitu cheusi. Kigumu, kinang'aa kidogo, kimefungwa na nyuzi za rangi pande zote. Alisema kwao Uvira vitu vya namna ile aliviona mara moja tu, chini ya kitanda cha mtu, na mtu huyo mambo yake hayakuisha vizuri.

Mimi nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Pasta si mtu mbaya. Alieleza pole pole kwamba yeye haamini hivyo, lakini watu wameanza kuongea, na kanisa ni watu. Akamwomba Papa Ladislas akitoe hicho kitu, wakiombee, halafu arudi apige kama kawaida. Sunday inayokuja ndiyo ya mwisho. Kama kitu bado kiko ndani na besi inakufa tena, Peguy ndiye atapiga besi, iko moja mpya waliiona dukani Pinetown.

Nilisubiri mzee aongee. Alipangusa tu nyuzi za besi na mkono wa koti, moja moja, akasema: "Pasta, nikikitoa kitavunjika."

Halafu akairudisha besi kwenye stand yake madhabahuni, maana vyombo vyetu vimewekewa mikono na kuombewa, havitoki kanisani. Akaenda kulala.

Monday sikuweza kusuka. Nilikuwa navuta nywele za watu mpaka boss akaniambia toka, pumzika, unaua wateja. Nikapanda kwa Papa Ladislas, ghorofa ya tisa, lift imekufa tangu Krismasi. Alinifungulia na singlet, chumba kimejaa radio zilizofunguliwa matumbo. Akaweka maji ya chai. Nikamwambia mimi sitaki chai, nataka kujua hicho kitu ni nini, na kwa nini hakujitetea.

Akanieleza, na akianza kueleza mambo ya umeme hana haraka, hata ukikanyaga-kanyaga miguu.

Zamani, alisema, besi zote zilikuwa kitu kimoja: sumaku, waya mwembamba umezungushwa, na vifungo viwili vya kupunguza. Kupunguza tu. Hakuna kifungo cha kuongeza. Na ukitumia waya mrefu kufika kwenye ampli, ile sauti kali inabaki njiani, inafika nzito kama uji. Halafu mwishoni mwa miaka ya sitini, huko California, mafundi wa sauti wakapata wazo: kwa nini tusubiri sauti ifike kwenye ampli ndio tuipe nguvu? Tuipe nguvu hapa hapa, ndani ya besi. Wakaweka ampli ndogo kabisa ndani ya mti wa besi, na betri. Sasa unaweza kuongeza, si kupunguza tu. Mwanzoni zilikuwa za watu wachache wenye bei zao. Mwaka sabini na sita ndio kampuni moja ikaanza kuzitoa kiwandani kwa wingi.

"Moja ilifika kwetu Likasi, mwaka wa themanini na moja," alisema. "Njo ilinimaliza."

Yeye alikuwa kijana, fundi wa radio, na anapiga besi ya zamani kwenye orchestra ya wafanyakazi wa mine ya shaba. Mzungu mmoja alipoondoka akaachia orchestra hii besi mpya. Mwezi wa kwanza, watu walikuwa wanatoka kwenye baa za jirani kuja kusikia hiyo sauti inatoka wapi. Mwezi wa pili ikakwaruza, ikanyamaza. Hakuna aliyejua kwamba ndani iko betri. Walibadilisha waya, walibadilisha ampli, mmoja akasema mzungu aliondoka na sauti yake.

Ladislas akaifungua. Akakuta betri, akaibadilisha, ikaamka. Mtu mwenye akili angefunga hapo hapo. Yeye hapana. Alikuwa ameona kando ya betri kijiwe cheusi, gundi iliyokauka kama lami, na nyuzi zinaingia na kutoka. Mafundi wa siku zile walizamisha ile ampli ndogo kwenye gundi, ili isitikisike na ili wengine wasiige. Na yeye alitaka kuona. Wiki tatu aliikwangua na kisu alichopasha moto, kidogo kidogo kama mtu anamenya yai. Alipofika ndani alikuta kamdudu keusi kenye miguu nane, kale kanakoipa sauti nguvu, na vipande kama kumi vya kawaida, vile vile alivyokuwa anaunga kwenye radio kila siku. Alivichora vyote kwenye daftari. Alipomaliza kuchora, kamdudu kalikuwa kamekufa, na besi nayo.

Orchestra ilimfukuza. Hawakumpiga, alisema, na hiyo njo ilimuuma. Kiongozi wao alimwangalia tu, akageuka.

Ilimchukua miaka miwili kutengeneza besi nyingine. Kamdudu ka miguu nane hakakupatikana Likasi, kwa hiyo alitumia transista za radio ya kaseti. Ilikuwa inakula betri mara nyingi zaidi ya ile ya kiwandani, lakini ilikuwa inaimba. Fundi seremala akamchongea mwili wa besi kwa mulombwa, mti mgumu wa kwetu, mwekundu kama tofali. Na mwishoni, ile ampli yake akaizamisha kwenye gundi nyeusi, kama wale wenyewe wa California. Alitaka iwe kamili. Alipoipeleka kwa orchestra kulipa alichovunja, orchestra ilikuwa imeshasambaa. Akabaki nayo. Alivuka nayo Zambia, Zimbabwe, mpaka hapa. Kwenye mpaka mmoja askari walifungua mgongo, wakaona betri na nyuzi, wakarudi nyuma wote pamoja. Wakamlazimisha aipige kuonyesha ni gita. Ampli hakuna. Akaegemeza kichwa cha besi kwenye meza yao ya mbao, meza nzima ikaanza kuunguruma, na askari mmoja akaanza kutingisha bega.

Hapo alicheka kidogo. 

Nikamuuliza sasa inakufa kwa nini. Alisema hajui. Betri moja ilikuwa inakaa wiki mbili au tatu: masaa matatu ya répétition, mazoezi ya choir, Saturday, masaa matatu ya ibada. Sasa anaweka mpya Saturday, na Sunday wimbo wa tatu imekwisha. Ameipima, haionyeshi ugonjwa. Lakini alisema vitu vya miaka arobaini vinachoka hata kama kipimo hakisemi. Nikamwambia basi abadilishe betri Sunday asubuhi kabla ya ibada. Mgongo una skrubu nane, akajibu, na akifika watu wanaimba tayari. Na hata angepata muda, hataki kuficha ugonjwa mbele ya Mungu kama mtu anayejipaka poda juu ya kidonda.

"Lakini hutumii masaa mengine?" nikauliza. "Inakula wakati gani?"

"Inakula betri waya ukiwa ndani. Ukichomeka, unaiwasha. Hata ampli ikiwa imezimwa, hata kama hakuna anayeigusa. Mimi Saturday nachomoa kila mara."

Na mimi kichwa changu, eish, kiliwaka. Maana kila Sunday asubuhi nikifika, waya uko ndani. Na anayefika wa kwanza, mwenye ufunguo, ni Peguy. Peguy anayetaka besi. Papa Ladislas akasema Peguy anachomeka asubuhi kupima sauti, ni kazi yake, saa moja au mbili haziwezi kuua betri. Mimi nilikuwa nimeshafika ngazi. Ghorofa tisa nilizishuka bila kuhesabu.

Nilimkuta Peguy kwenye shop ya simu anabadilisha kioo cha mtu. Sikumsalimia. Nilimwambia kila kitu mbele ya wateja: mwizi, nyoka, unachomeka Saturday usiku ili mzee aaibike. Alisema, "Dada, tulia, unaongea nini?" Hiyo tulia njo ilinimaliza. Nilimshika kola nikamgonga kofi, kofi la mtu anayepiga drums, na miwani yake ikaruka mpaka kwenye chaja.

Hakurudisha. Aliokota miwani, akaiangalia, mguu mmoja umevunjika. Akasema pole pole, na hiyo pole pole naisikia mpaka leo:

"Mimi nafika saa moja ya Sunday. Nakuta waya iko ndani tayari. Kila Sunday. Nilifikiri vieux, mzee wetu, njo anauacha."

Nilitaka aseme uongo. Nilimwangalia usoni natafuta uongo, sikuuona. Nikatoka bila kuomba msamaha, nikapita robot nyekundu, taa ya barabarani, gari likanipigia honi, nikalitukana na lenyewe.

Jioni ile ile Pasta alinipigia simu. Wiki nne sigusi drums. Na Peguy nimwombe msamaha mbele ya choir nzima. Mama yangu hakuongea na mimi siku mbili, alikuwa anaweka sahani mezani kwa nguvu tu.

Lakini sasa nilikuwa na swali na halikunipa usingizi. Kama si mzee na si Peguy, ni nani?

Saturday nilienda répétition kukaa nyuma kama mgonjwa. Nikaomba msamaha mbele ya choir. Peguy alikuwa amefunga miwani na tape. Alisema sawa, haina shida, na choir wakaangalia viatu vyao. Halafu nilikaa nikisikia kijana mwingine anapiga drums zangu, mguu wake unachelewa, na mimi mguu wangu unapiga sakafu peke yake.

Saa kumi na moja walimaliza. Papa Ladislas aliweka betri mpya, akaijaribu, ikaimba vizuri, akachomoa waya, akauacha chini kando ya stand. Choir wakashuka, Peguy akazima ampli, akaenda. Nilimwambia mzee akae na mimi kidogo, viti vya mwisho, kule nyuma ya nguzo. Alisema amechoka, zamu inaanza saa moja jioni. Nikamshika mkono wa sweta. Akakaa.

Dakika kumi. Halafu mlango wa pembeni ukafunguka, Mama Médiatrice akaingia na ndoo na ufagio, amevua viatu, gloves nyeupe bado mikononi. Mwezi uliopita kanisa liliweka carpet mpya nyekundu madhabahuni, na yeye hakumwachia mtu mwingine aifagie. Alifagia kwa magoti. Alipanga mic. Alipangusa matoazi. Alipofika kwenye besi, aliinua ule waya uliolala kwenye carpet yake, akaupangusa na kitambaa kutoka mwanzo mpaka mwisho kama mtu anaosha mguu wa mtoto, akaukunja vizuri, akatafuta ncha yake inakaa wapi, akaona tundu la besi.

Akachomeka. Tak.

Alirudi nyuma hatua mbili kuangalia kama imenyooka.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Mdomo ulikuwa umejaa. Nilikuwa na miwani ya Peguy, wiki nne zangu, kitu cha Uvira chini ya kitanda, vyote vinataka kutoka mara moja. Papa Ladislas alinishika mkono juu ya kiwiko, vidole vya mpiga besi, huwezi kuvitoa.

"Kaa," alisema. "Huyu si wa kupigwa."

"Lakini ni yeye njo alikuita mchawi."

"Ndiyo. Kaa."

Alitembea mbele pole pole, anakohoa ili mama asishtuke. Nilimfuata hata hivyo, sikukaa. Alimsalimia, akamshukuru kwa carpet, kweli kabisa alianza na carpet. Halafu akamwambia kwamba huu waya ukiwa ndani ni kama bomba lililofunguliwa, betri inamwagika usiku kucha.

Mama Médiatrice aliangalia waya. Aliangalia mkono wake. Alikuwa mtu wa akili, hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Kumbe mimi njo nilikuwa naiua," alisema.

"Mimi sikukuonyesha, mama."

Nilisubiri aombe msamaha. Hakuomba. Shingo yake ilibaki imenyooka. Badala yake akauliza kile kitu cheusi ni nini basi. Papa Ladislas akatoa bisibisi mfukoni, akageuza besi kwenye magoti yake, akafungua skrubu nane moja moja. Akamwambia ni transista za radio ya kaseti, ya jirani yake wa Likasi, na gundi ya kuzibia paa. Akamwambia aguse. Mama alisita. Halafu akavua glove ya kulia, akagusa na kidole kimoja, haraka, kama unavyogusa pasi kujua kama imepata moto. Akagusa tena. Akanusa kidole.

"Inanuka radio ya baba yangu," akasema.

Papa Ladislas akafunga mgongo. Akachomoa waya, akaukunja vile vile alivyoukunja mama, akampa. Akamwomba autunze yeye, Saturday mpaka Sunday, kwenye kabati wanapofungia vikombe vya meza ya Bwana. Ufunguo anao mama peke yake. Mama Médiatrice alivaa glove yake kwanza, ndio akapokea, na mikono miwili.

Tukashuka ngazi. Nilimwambia mzee amemwachia bure, angemlazimisha kesho aseme ukweli mbele ya watu wote. Alinijibu kwamba yeye alishasimama mbele ya watu akiangaliwa kwa kitu alichovunja bila kutaka.  Akaanza kupanda kuelekea Morningside, kazini.

Sunday nilifika mapema. Kabla ya wimbo wa kwanza, Mama Médiatrice alitoka ofisini na waya umelala kwenye viganja vyake vyeupe, akapita katikati ya kanisa, kichwa juu, na watu wakajipanga kumpisha bila kujua ni kwa nini. Akainama, akauchomeka mwenyewe. Halafu akageuka akamtazama Pasta Gustave mpaka Pasta akaitikia kwa kichwa. Hakueleza mtu. Hakuna aliyeuliza tena habari ya kitu cheusi, maana aliyeanzisha maneno alikuwa ameishika besi mbele yao.

Wimbo wa tatu ukaingia. Nilihesabu kwenye vidole. Mzee amefunga macho. Peguy, na tape yake kwenye miwani, aliisogeza sauti ya besi juu kidogo kwenye mixer, nilimwona, akajifanya hakuona kwamba nimemwona. Ukapita wa tatu, ukapita wa nne, wa tano watu walikuwa wanacheza mpaka carpet inasogea, na ile sauti ya mulombwa iko chini yao wote, imesimama.

Yule kijana wa drums alikuwa anachelewa. Kila baada ya mistari minne anachelewa. Papa Ladislas alifungua macho, akageuza shingo, akaanza kutafuta nyuma, mstari kwa mstari, mpaka akanipata. Aliinua kidevu. Bado Sunday tatu. Nilikuwa napiga kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili, kwa nguvu, na mama aliyekikalia aligeuka kuniambia kitu, akaniangalia uso, akasogea kiti cha pembeni.